Mavazi na ununuzi wa nguo, Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Soko la nguo la mikoa ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, ni la watu wanaolima pamba kwa wingi na kuvaa nguo zilizofumwa kwingine. Marobota ya pamba ya Usukuma, nchi ya Wasukuma, hushuka kwenda bandarini, mabalo ya mitumba hupanda kuja bara. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam wana tabia ya kumchukulia mnunuzi wa huku kuwa mshamba wa kupokea chochote, dhana inayowatia hasara wengi wao, kwa sababu wakulima wa pamba ni wagumu kudanganywa kwa kitambaa.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera, hivyo habari zake za zamani zimo chini ya majina ya mikoa hiyo.

Historia

Katika karne ya 19 nguo ilikuwa fedha. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe za ndovu hadi pwani walirudi na merikani, kitambaa kisichopaushwa kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, pamoja na kaniki iliyotoka India. Kipimo kilikuwa mkono, shuka na doti. Shuka yadi mbili, doti yadi nne. John Hanning Speke alipovuka Usukuma mwaka 1858 kutoka Tabora kwenda Mwanza, alisafiri na nguo na shanga kama kila mwenye msafara, maana hongo ya watemi ililipwa kwa vitu hivyo.

Wanunuzi hao wa bara hawakuwa wa kupokea tu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha kwamba ladha ya Waafrika Mashariki ndiyo iliyoviamulia viwanda vya mbali vifume nini, na msafara uliobeba rangi au ushanga usiotakiwa mahali fulani ulikwama na mzigo wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipunguza merikani sokoni. Nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza, kisha vya Bombay. Mojawapo ya chapa za biashara zenye umri mrefu katika eneo hili ni ya pwani: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, zinazotambulika hadi leo kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla" pembezoni. Mwenye kanga hiyo hakuhitaji kueleza ubora wake.

Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipitia Shinyanga na kuleta maduka ya Wahindi yenye fundi cherehani barazani. Mteja alichagua kitambaa ndani, akapimwa nje. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, iliongeza watu wa mshahara, lakini fedha kubwa ya kijijini ilitoka kwenye pamba. Paul Bomani na wenzake waliunganisha vyama vya wakulima hadi kuzaliwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, na miaka hiyo ya neema mkulima aliyeuza vizuri alinunua baiskeli, cherehani na doti za kanga kwa nyumba nzima.

Viwanda vya taifa vilifuata. Urafiki ya Dar es Salaam na Mwatex ya Mwanza vilianza mwaka 1968, na kwa muda mfupi pamba ya Usukuma ilirudi nyumbani ikiwa kitenge. Mwishoni mwa mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Huku mikoani suruali za bugaluu na viatu vya raizoni viliendelea kusubiriwa kwa hamu. Kisha likaja jambo zito kuliko operesheni yoyote, yaani uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu za maduka ya ushirika na za kampuni za biashara za mikoa zilikuwa tupu, kanga ilipatikana kwa foleni na kujuana, na fedha ya pamba ikakosa cha kununua. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka. Mlango huo ndio ulioingiza mitumba kwa wingi.

Mitumba

Hakuna nguo inayovaliwa na watu wengi zaidi Shinyanga na Geita kuliko mtumba. Balo hufika Dar es Salaam kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Asia, hugawanywa kwa aina (mashati ya kiume, suruali za kadeti, magauni, nguo za watoto, mashuka), kisha husafirishwa kwa lori hadi Mwanza, Kahama na Shinyanga mjini. Mfanyabiashara hununua balo likiwa limefungwa. Akilifungua ndipo anapojua kama ana mtaji au ana matambara.

Siku ya kufungua balo ina watu wake: walimu, watumishi wa halmashauri, mafundi na wauza duka wenyewe, wanaokuja mapema kuchukua gredi ya kwanza kwa bei ya juu. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, na mwisho hufika kwenye turubai la gulio, ambako muuzaji hupaza sauti ya buku, buku jero, mpaka rundo liishe. Gulio la kila wiki ndilo duka kubwa la nguo la wanavijiji wengi. Mkulima huja na kuku au debe la mpunga na kuondoka na shati.

Hapa ndipo chapa za kimataifa hujulikana kwa kweli. Kijana wa Ushirombo au Nyarugusu anaweza kuitambua Levi's kwa kitufe na mshono wa mfuko wa nyuma, bila kuwa amewahi kuingia duka linaloiuza mpya. Lebo kwake ni ushahidi wa uimara: suruali iliyovaliwa na mtu mwingine miaka kadhaa na bado ina rangi imekwisha kupita mtihani. Kwa sababu hiyo wengi huuamini mtumba wa Ulaya kuliko nguo mpya ya bei rahisi ya dukani, ambayo hupauka baada ya kufuliwa mara chache. Sababu nyingine ni upekee. Gauni la mtumba huwa moja tu sokoni, na aliyelivaa kanisani hatakutana na mwenzake.

Serikali za Afrika Mashariki zimejaribu kuifunga biashara hii. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na ushuru ukapandishwa kutoka dola 0.2 hadi dola 0.4 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa vitu chakavu cha Marekani kililalamika mwaka 2017, kikitishia nafasi ya nchi hizi katika AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikaendelea na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu wa nguo. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) linakataza nguo za ndani zilizotumika, katazo ambalo wauzaji wa magulioni wanalijua vizuri na kulizunguka vizuri zaidi. Soko la Karume la Dar es Salaam, kituo muhimu cha mitumba, liliungua Januari 2022.

Vitenge, sare na mafundi

Pale shughuli inapohusu watu wengine, mtumba hukaa kando. Harusi, sendofu, kitchen party, ubatizo na msiba mkubwa hudai kitambaa kipya na mshono mpya. Kamati ya harusi huchagua kitenge, hutangaza bei ya doti, na ndugu hutakiwa kulipa mapema. Asiyevaa sare huonekana kwenye picha kama mgeni aliyepotea njia. Ni ununuzi usio na hiari nyingi. Mtu anaweza kutolipenda ua la kitenge kabisa na bado akalinunua, kwa kuwa shangazi ndiye aliyelichagua.

Vitambaa vingi ni vya viwanda vya Dar es Salaam na Morogoro au vya China na India. Kitenge cha wax cha Vlisco ya Uholanzi kina heshima yake, ingawa wengi huvaa kinachofanana nacho. Kwaya za AICT na za Kikatoliki, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), vikundi vya kuweka na kukopa, watumishi wa Machi 8 (Siku ya Wanawake) na tisheti za Mei Mosi huwapa mafundi kazi ya uhakika. Cherehani ya Butterfly kutoka China imeenea kwa mafundi wa vibarazani.

Msimu huamua mengi. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na harusi nyingi husubiri fedha hiyo. Januari ni ya sare za shule, ambazo ziligeuka kuwa gharama kubwa kwa mzazi baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016.

Machimboni

Mgodi wa Geita (GGM) ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Ajira za migodi hiyo zilileta vazi jipya la hadhi: koti la reflekta, ovaroli na viatu vya usalama. Mfanyakazi aliyepita mjini Kahama au Geita na vazi hilo baada ya zamu hakuhitaji kutaja mshahara. Mama mwenye duka la mikopo aliuona.

Kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Mgusu au Nyarugusu mambo ni tofauti. Wengi hulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, si kwa mshahara, hivyo fedha hukaa mbali muda mrefu na kuja kwa mkupuo. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, huvaliwa nguo zilizochakaa kabisa na gambuti. Duara likitema, pamba kali hununuliwa siku hiyohiyo: jinzi, raba, kapelo, saa. Wahubiri na maofisa wa maendeleo wamelilaani jambo hili kama ubadhirifu. Thorstein Veblen, aliyeandika juu ya matumizi ya kujionyesha mwaka 1899, angelitambua mara moja, ila maelezo yake yanatosha nusu tu. Mchimbaji hutegemea mfadhili wa kumnunulia chakula, magogo na mafuta ya pampu kabla ya dhahabu kuonekana, na mtu aliyetokelezea huonekana kama aliyewahi kupata, kwa hiyo anayeweza kupata tena. Shati zuri ni sehemu ya mtaji.

Mji wa Katoro umekuzwa na biashara ya dhahabu, na maduka yake ya nguo huuza kufuatana na habari za machimbo.

Jezi

Jezi za Simba na Yanga, timu za Kariakoo jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa nguo zenye chapa ya Kitanzania zinazouzwa sana. Yanga iliikabidhi kampuni ya GSM kazi ya kutengeneza na kuuza jezi zake mwaka 2019. Simba iliingia mkataba wa miaka miwili na Vunja Bei mwaka 2021. Geita Gold FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikamaliza ya nne msimu wa 2021/22 na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora, lakini hata mjini Geita jezi za timu mbili za Kariakoo hazikupungua.

Viatu

Huvaliwa raba za mtumba, yeboyebo na makatambuga ya tairi.

Watu

Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa Miss Universe Tanzania mwaka 2007 akiwa amenyoa kichwa, jambo lililozua mjadala mkubwa wakati huo, kisha akafanya kazi ya uanamitindo New York. Alianzisha chapa ya rangi za kucha, Lavy.

Hali ya sasa

Kahama ilipata hadhi ya manispaa mwaka 2021, mwaka ambao mgodi wa Buzwagi ulisimamisha uzalishaji. Vijana wengi huagiza nguo kwa kutazama picha za Instagram. Fedha hutumwa kwa simu na mzigo hufika kwa basi.