Sheria ya Bahari na Sisi Tunaoshuka Pwani

Leo tunaweka kando mishono na mapishi, tuzungumze sheria. Msikimbie! Sheria hii inahusu mwamba tunaookota pweza na mikoko inayotukinga na mawimbi, kwa hiyo inaingia mpaka jikoni kwetu.

Tuanzie mwaka 1975. Mwaka huo serikali ilitangaza sehemu kadhaa za bahari ya Tanzania Bara kuwa maeneo ya hifadhi. Zilikuwemo Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia kule Mafia, visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, na kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani. Tangazo lilitoka, lakini usimamizi haukufuata. Baruti ziliendelea kulipuka baharini, na Mafia matumbawe yaliendelea kuvunjwa na kuchomwa chokaa ya kujengea.

Maziwe ndiyo inayotuuma zaidi. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na miaka michache tu baada ya lile tangazo kisiwa kikatoweka. Leo ni fungu la mchanga. Maji yakijaa hulioni. Bahari haisomi tangazo la serikali, wenzetu. Inalindwa na watu.

Somo hilo lilichukua karibu miaka 20 kuingia kwenye sheria. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29. Mwaka uliofuata, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikawa ya kwanza nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani yake wamo watu wa kusini mwa Mafia na wa visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Vijiji vilibaki palepale.

Jambo jipya lilikuwa hili: sheria haikutaja samaki na matumbawe peke yake. Ilitaka wakazi washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kusimamia hifadhi, wapate sehemu ya faida, na wapewe kipaumbele katika kutumia mali ya bahari yao. Kisha hifadhi iligawanywa kanda: pengine hairuhusiwi kuvua kabisa, pengine kwa masharti makali, pengine kwa uhuru zaidi.

Kwenye kanda hizo ndipo lilipo jambo letu wanawake. Mwenye chombo akifungiwa mwamba mmoja, anatweka tanga anakwenda mwingine. Mama anayeshuka kwa miguu maji yakitoka hana mwamba mwingine. Mstari ukipita hapo bila yeye kuulizwa, kapu linarudi tupu, na ada ya mtoto inasubiri. Lakini tuseme na upande wa pili: mwamba usipofungwa kamwe, pweza wadogo wanaokotwa kabla hawajazaa, na kapu litakuwa tupu vilevile. Kwa hiyo kufungwa kwa mwamba si uadui. Tuulize umefungwa wapi, kwa muda gani, na nani alikuwepo kwenye kikao. Fundi hakati kitambaa kabla hajampima mwenye nguo.

Dada zetu wa Unguja na Pemba, nyinyi mna sheria zenu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 inaruhusu wanakijiji kuingia makubaliano na serikali na kusimamia wenyewe misitu yao, mikoko ikiwemo. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa, na vijiji vimeizunguka pande zote. Swali ni lilelile: je, mwanamke anayetafuta kuni na chaza yumo kwenye makubaliano hayo?

Bahari ni amana, na amana haitunzwi kwa kunyamaza. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tusimwachie baba aende peke yake. Twendeni, tuombe kuonyeshwa ramani, tuseme tunapookota. Na tukishakubaliana mwamba ufungwe, tuwe wa kwanza kuuheshimu.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.