Mungu hakuingia Turkana 1961

Wikendi iliyopita nilikuwa Eliye Springs na vijana wa kanisa letu. Kama hujafika, pata picha: umetoka Lodwar, gari limehangaika kwenye mchanga, mbele yako kuna Ziwa Turkana na maji yake ya magadi. Halafu hapo hapo ufuoni, kwenye mikoma, maji matamu yanachipuka kutoka ardhini.

Jioni mhubiri mmoja mgeni akatuambia ati kabla ya wamishonari kuja, wazee wetu hawakumjua Mungu hata kidogo. Wenzangu wakaitikia amina. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa namfikiria nyanya yake mama, aliyekufa kabla hajaona padri. Mama husimulia kwamba alimwomba Akuj mvua kila kiangazi. Sasa huyo mama mzee alikuwa anaongea na nani?

Twende kwa historia kidogo. Waingereza waliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali. Kenyatta mwenyewe walimfungia Lokitaung, halafu wakamweka Lodwar. Wamishonari nao walizuiwa miaka mingi. Mlango ulifunguka 1961, wakati wa njaa kali, mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland wakaingia. Zikafuata shule, zahanati na visima, na 1978 Lodwar ikawa dayosisi. Siwezi kudharau kazi hiyo, hata kusoma nimesomea huko.

Lakini walipoanza kuhubiri, walimwitaje Mungu? Akuj. Jina walilikuta hapa, na linatokana na neno la "juu", kule mvua inakotoka. Walimkuta pia emuron, mtu anayepokea ujumbe wa Akuj kwa ndoto. Wazee bado husimulia habari za Lokerio, emuron wa karne ya 19, aliyepiga ziwa kwa fimbo, maji yakagawanyika, vijana wakavuka. Mtoto aliyekua na stori hiyo hashangai akisikia ya Musa.

Na Biblia yenyewe haimsaidii yule mhubiri. Katika Matendo sura ya 14, Paulo yuko Listra, kwa watu ambao hawajawahi kusikia Injili. Anawaambia kwamba hata wao Mungu hakuwaacha bila shahidi, na shahidi anayemtaja ni mvua. Mvua! Hiyo si ndiyo lugha ya nyanya? John Mbiti, mwanateolojia Mkenya kutoka Kitui, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mungu wa Biblia ndiye yule Waafrika walimjua tayari. Na 1965, miaka minne tu baada ya mapadri kufika Lodwar, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mungu hujishuhudia kupitia uumbaji, tena kupitia matendo na maneno yake, na ukamilifu wa yote ni Kristo.

Hapo mwisho ndipo lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Musa alivusha watumwa waliokuwa wanatoroka. Vijana wa Lokerio walivuka kwenda kuteka ngamia wa watu. Mvua inakuambia kuna Mpaji, lakini haikuambii kama anampenda pia yule jirani unayemvamia. Sisi tunajua wizi wa mifugo umezika vijana wangapi, wetu na wa Wapokot. Kwa imani ya Kikristo, Yesu ndiye Mungu akijionyesha kwa sura ya mtu, na mtu huyo alisema mpende adui. Hilo sidhani mvua pekee ingetufundisha.

Kwa hivyo siamini wamishonari walimleta Mungu kwa lori pamoja na chakula cha msaada. Alikuwa hapa, na nyanya alikuwa anaongea naye. Walicholeta ni habari ya Yesu, na hiyo ni kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezewa matusi kwa wazee wetu.

Mhubiri, kama unasoma hii, sina vita na wewe. Ila ukirudi Eliye, kabla hujatuambia tulikuwa gizani, tuulize kwanza tulikuwa tunaomba nini.

Na nyinyi je, kwenu Mungu anaitwa nani? Hilo jina lilikuwepo kabla ya kanisa? Niambieni.