Utii wa Kazi na Haki ya Kusikilizwa

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu twapenda kutaja maghala tuliyojenga na pamba tuliyouza. Yafaa tukumbuke pia siku ile ya msimu wa nne, karani wa mizani alipokataa kulitoa daftari lake la stakabadhi likaguliwe.

Meneja alimwagiza kwa mdomo, kisha kwa barua. Alikataa mara zote mbili, tena mbele ya viongozi wa vyama vya msingi walioleta pamba. Jioni ile ile Halmashauri ilikutana kwa hasira, ikamfukuza pasipo kumwita. Mimi ndimi niliyeiandika barua.

Ili tulione kosa letu, hatuna budi kurudi nyuma. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya Tanganyika ya mwaka 1923, mtumishi aliyekataa amri ya bwana wake aliweza kushtakiwa kama mhalifu, akatozwa faini au akafungwa. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira iliweka kanuni za nidhamu na Kamati za Wafanyakazi, ili mwajiri asimfukuze mtu papo hapo kama apendavyo. Kisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za mwaka 2007, zikataka mambo mawili: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Ukaidi mkubwa waweza kumwondoa mtu kazini. Walakini sharti kwanza aelezwe tuhuma zake, apewe muda wa kujitayarisha, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akiona ameonewa, anazo siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Siku ya tatu tuliifuta barua ile. Karani alipewa tuhuma kwa maandishi, akaja na mwenzake mbele ya mwenyekiti asiyehusika na ugomvi. Alisema alichelea daftari lisipotee mikononi mwa Meneja. Alipoulizwa kwa nini basi hakulitoa hata kwa mkaguzi, alinyamaza. Daftari lilipofunguliwa, magunia ya chama kimoja hayakuwamo. Ndipo alipoachishwa kazi, wala hapakuwa na manung'uniko.

Amri aliyoikataa ilikuwa halali, maana daftari lile ni mali ya wakulima. Lau angaliamriwa kupunguza uzito wa pamba, kukataa kwake kungalikuwa sifa. Na lau tungaliishikilia barua yetu ya kwanza, huenda tungaliamriwa kumlipa fidia kwa fedha za wakulima wale wale, ijapokuwa kosa lilikuwa lake.

Hasira hasara. Viongozi watakaotufuata wasiogope kumwachisha kazi mkaidi. Lakini wamsikilize kwanza, ndipo waandike.