Kumbi za Starehe za Stanleyville: Nani Aliingia, Nani Alibaki Nje?

Historia ya starehe katika mji wa Kisangani, uliojulikana kama Stanleyville hadi mwaka 1966, husimuliwa mara nyingi kwa kutaja hoteli na kumbi za katikati ya mji. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo haitoshi, kwa kuwa jengo peke yake halitwambii ni nani aliyeruhusiwa kuketi ndani yake.

Tuanze na sinema. Mwaka 1945 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa amri ya kuwazuia watu wote wasiokuwa wa asili ya Ulaya au Asia kuhudhuria maonyesho ya filamu, isipokuwa yale yaliyokubaliwa na tume ya ukaguzi. Watawala walihofia kwamba Mwafrika akimwona Mzungu akiiba, akilewa au akiua, heshima ya utawala ingeporomoka. Badala yake, Wakongomani waliandaliwa filamu za mafunzo zilizotengenezwa na idara ya habari na wamisionari, zikaonyeshwa uwanjani usiku, juu ya kitambaa cheupe.

Kinaya chake ni hiki. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja na Audrey Hepburn kutengeneza The Nun's Story, na baadhi ya picha zikapigwa katika kijiji cha wakoma cha Yalisombo, karibu na Yakusu. Nchi hii iliipa dunia mto wake, msitu wake na nyuso za watu wake. Lakini amri ya 1945 ilikuwa imewawekea watu hao mlinzi mlangoni.

Kwa hiyo starehe ya wengi ilijitafutia makao kwingine: uani mwa baa, katika viwanja vya parokia, chini ya miti. Hapa mwanaisimu ana kazi. Neno sinema lilitufikia kutoka Kifaransa. Nganda, jina la baa ndogo, ni neno la Kilingala ambalo awali lilimaanisha kambi ya wavuvi. Ngoma ni letu tangu kale, nalo lataja chombo, mchezo na mkusanyiko kwa pamoja, bila kuhitaji paa wala tikiti.

Majengo nayo hayakudumu katika kazi yake. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, hoteli ya Victoria iligeuzwa mahali pa kuwafungia mateka wa kigeni. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita, yakiharibu nyumba nyingi. Hata hivyo, mwaka 2006 Faustin Linyekula aliileta Studios Kabako hapa kutoka Kinshasa, na dansi na tamthilia zikapata makao mapya.

Tukihesabu kuta tu, tutaandika historia ya wachache. Yafaa wanafunzi wetu waende Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, wawaulize wazee walikocheza, walichokitazama, na maneno waliyoyatumia kukitaja. Kuta zaweza kujengwa upya. Ushahidi wa mzee aliyefariki haupatikani tena.