Hanang: makaburi yaliyolimwa ngano

Basi la Singida likishaiacha Babati nyuma, haupiti muda mrefu kabla Mlima Hanang haujajaza kioo cha mbele. Una mita zipatazo 3,420, na kwa hesabu iliyozoeleka ni wa nne kwa urefu Tanzania, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Hauna mlima jirani wa kushindana nao. Umesimama peke yake kama kisiwa, na bahari yake ni nyika.

Wageni wengi hufuata kilele. Hulala Katesh, hutafuta kibali na kiongozi, kisha alfajiri hushika njia ya Jorodom na maji ya kutosha mgongoni. Jioni wameshuka, magoti yanawauma, na kesho yake wamo barabarani. Siwalaumu. Ila historia ya mahali hapa iko kule chini walikokuwa wakikutazama kwa mbali: Balangida, ziwa la chumvi lililolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako watu huchota chumvi tangu zamani, na upande wa magharibi, nyanda za Basotu.

Wafugaji wa huku ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Majirani huwaita Wamang'ati, jina lililotoka kwa Wamaasai na maana yake ni maadui. Lina sababu. Wadatoga walikuwa wakiishi nyanda za juu za Ngorongoro hadi Wamaasai walipowasukuma kusini katika karne ya 19. Hadi leo wapo wanaokwenda kutambika ndani ya kreta, kwenye kaburi la mkubwa wao aliyebaki huko.

Hapo ndipo mgeni anapopaswa kuanzia, makaburini. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimika hazikwi na kusahauliwa. Hujengewa bung'eda, kichuguu cha udongo kinachopandishwa kidogo kidogo hadi kumzidi mtu kimo. Shughuli yake huchukua miezi ipatayo tisa, ukoo na majirani wakija kwa zamu, na siku ya kuhitimisha hukusanya umati. Baada ya hapo kichuguu kinabaki nyikani. Wajukuu wanajua kilipo hata mvua ikishakilainisha kikawa kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Sasa nyanda za Basotu zina udongo mzuri. Wabarabaig walizitumia kwa mpango: mabonde yenye rutuba, waliyoyaita muhajega, yalilishwa kwa msimu na kuachwa yapumzike. Kwa mtu wa ofisini, ardhi inayopumzika ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa upande wa Mbulu nako, Wairaqw walikuwa wamejaa katika vilima vyao vya Kainam, ambako kila kipande cha mteremko hutiwa samadi na kulindwa kisimomonyoke. Katika karne ya 20 wakateremka na majembe yao kutafuta nafasi. Malisho yakabanwa.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kikubwa kuliko jembe. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano katika wilaya ya Hanang, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal: majina ya nyika yakawa majina ya mashamba. Matrekta yalilima mfululizo, na katika njia yao yalikuwemo makaburi. Wabarabaig walilalamika kwamba vichuguu vya wazee wao vimesawazishwa, na malalamiko yao yakafika hadi Kanada.

Walikwenda pia mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanakijiji wa Mulbadaw. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na kwamba wengi wa wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na bado inanikaa kooni. Watu waliokuwa wanadai ardhi ya babu zao walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wenyeji.

Kanada ilijiondoa katika miaka ya 1990. Ngano bado inalimwa, na mwezi wa mavuno nyanda hizo huwa za dhahabu kweli, nzuri kuzitazama hata kwa anayeijua habari yake.

Mlima wenyewe nao umeandika tarehe yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu yake iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Zaidi ya watu 80 walifariki.

Kwa hiyo ukienda, jipe siku mbili zaidi. Tafuta mwenyeji wa kukupeleka Balangida na Basotu. Ukiona kichuguu kilichochongoka mahali pasipo na mchwa, usikikanyage wala usikipige picha kwanza. Angalia pembeni, mara nyingi kuna mtu anachunga, na huenda anajua jina la aliyelala humo.