Mashine za Tarakimu na Watu wa Kiwandani

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yatupasa kueleza pia habari za mashine ziongozwazo na kompyuta. Habari hizo nyingi huanza na sifa za mashine yenyewe. Sisi twapenda kuanza na watu waliosimama mbele yake.

Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Tangu hapo ujuzi uliokuwa viganjani mwa fundi uliweza kuhamishiwa ofisini, naye fundi akabaki kutia chuma na kutoa chuma.

Wafanya kazi wa chuma nchini Norwe waliliona jambo hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama chao kilifanya kazi pamoja na Kristen Nygaard wa Norsk Regnesentral mjini Oslo, mmoja wa wawili waliotunga lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Hapo kwanza wataalamu walikusudia kuandika taarifa, kama ilivyo desturi yao. Baadaye wakakata shauri kwamba matokeo yahesabiwe kwa yale ambayo wafanya kazi wenyewe wangetenda kazini mwao kwa maarifa waliyoyapata. Basi mafundi wakasoma, wakaichunguza mipango ya kompyuta iliyokuwa ikiletwa viwandani. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vyao na waajiri walitia sahihi mkataba wa nchi nzima: wafanya kazi wapewe habari za mitambo hiyo kwa lugha wanayoifahamu, tena wamchague mjumbe wao wa mambo hayo. Sheria ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 ikaitilia nguvu haki hiyo.

Wapiga chapa wa Skandinavia walikwenda mbele zaidi. Kati ya 1981 na 1985, katika mradi ulioitwa UTOPIA, waliijaribu kazi ya kesho kwa maboksi ya karatasi ngumu, boksi likishika mahali pa mashine ambayo hawakuwa nayo bado. (Wako wanaocheka; lakini boksi ni rahisi kulikataa, mashine iliyokwisha nunuliwa si rahisi.)

Neno la kuhifadhi mazingira lilichelewa. Leo vipimo vidogo vyaweza kuonyesha mashine ipi inakula umeme bure, na saa ngapi. Mwaka 2021 Tume ya Ulaya ilitoa waraka ukitaka viwanda vimweke mtu katikati, vihifadhi mazingira, na viweze kustahimili misukosuko.

Kwetu wakulima jambo hili li karibu. Buni zenye kasoro zilizoea kuchambuliwa kwa mikono, hasa na akina mama. Sasa zipo mashine zenye kamera, ziitazamazo buni moja moja na kuipuliza kando kwa hewa ikiwa rangi yake si sawa. Mashine hiyo hupunguza makosa, na hupunguza vibarua pia. Katika ushirika mwenye kiwanda ni mwanachama, naye ana kura mkutanoni. Mama achambuaye kwa ujira huenda si mwanachama wala hana kura. Mkataba wa Norwe ulimpa haki mfanya kazi asiye na hisa hata moja. Twaona inafaa Halmashauri, kabla ya kuagiza mashine ya namna hiyo, imwite naye aketi mezani siku ile bei inapojadiliwa.