Kukodi Chombo Unguja Mwaka 1857

Msomaji wa habari za safari za karne ya 19 aweza kudhani kwamba aliyetoa fedha ndiye aliyekuwa na amri juu ya chombo. Msamiati wa mabaharia wetu hauafiki.

Burton na Speke walifika Unguja mwezi wa Disemba 1856, mara tu baada ya kufa Sayyid Said. Kabla ya kwenda bara walitaka kuizuru pwani ya kaskazini hadi Mombasa. Basi wakakodi bedeni kuukuu liitwalo Riami, wakatweka Januari 1857. Said bin Salim el-Lamki aliandamana nao.

Tuangalie kwanza neno lenyewe. Atoaye nauli hupanda chombo ambacho safari yake imekwisha kupangwa na wengine. Akodiye hukitwaa chombo kizima, naye huchagua aendako na bandari za kupumzikia. Tofauti hii ni kubwa katika mapatano, na mtunga kamusi anayefasiri maneno haya mawili kana kwamba ni mamoja humpoteza msomaji wake. Hata hivyo, mwenye kukodi hakununua unahodha. Neno nahodha latokana na Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Asili ya nauli yaonekana kuwa mbali zaidi, maana Waarabu nao waliipokea kutoka Kiyunani.

Lakini juu ya nahodha kulikuwa na pepo. Januari ni kaskazi, na Mombasa iko kaskazini ya Unguja. Kwa hiyo Riami alikuwa akienda kinyume cha upepo. Katika hali kama hiyo chombo hubisha, huvizia umande utokao bara alfajiri, na hutia nanga mara nyingi. Mgeni asiyejua mambo hayo huona uvivu, na Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alinung'unika sana. Mtu aliyetaka kufika upesi angalingoja kusi. Mwanzo wa Machi walirejea Unguja hali wagonjwa wa homa, na safari hii kaskazi iliwasukuma.

Walikuwa na mashua yao ya chuma, Louisa, lakini mwezi wa Juni walipovuka kwenda bara waliiacha kwa kukosa wapagazi. Hasara yake ilionekana Machi 1858, Speke alipovuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, ili akodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Sheikh akaahidi, kisha akaahirisha. Speke akarudi mikono mitupu, na mwezi uliofuata wote wawili wakaenda Uvira kwa mitumbwi. Huko hakukuwa na kaskazi wala kusi ya kulaumiwa: mwenye chombo alikuwa na biashara yake, na fedha za mgeni hazikuweza kuitangulia.